Azulai, rabi aliyezunguka Ulaya kwa ajili ya maskini wa Hebroni



Tunaposoma nyaraka za mtume Paulo, mara nyingi tunapita haraka sehemu zinazohusu fedha. Tunakimbilia imani, neema na ufufuo. Lakini Paulo alitumia sehemu kubwa ya nguvu zake kukusanya mchango katika makanisa ya Galatia, Makedonia na Akaya kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu. Habari hiyo iko katika 1 Wakorintho 16, katika 2 Wakorintho 8 na 9, na tena katika Warumi 15. Aliona ni kazi ya kiroho kama kuhubiri, na kwa ajili yake alikubali kurudi Yerusalemu hata alipojua kwamba huko hatari inamngoja.

Kazi ya namna hiyo haikuisha na Paulo. Karne nyingi baadaye, Wayahudi waliokuwa wakiishi katika nchi ileile waliendelea kutuma watu mbali, kwenye miji ya Ulaya, Afrika ya Kaskazini na hata Amerika, kuwaombea chakula na kuwalipia madeni. Leo nataka tumwangalie mmoja wa wajumbe hao, anayejulikana kuliko wengi: rabi Haim Yosef David Azulai, ambaye Wayahudi humwita kwa kifupi Hida, jina lililotengenezwa kwa herufi za kwanza za majina yake. Si Mkristo, na hatutamfanya awe Mkristo. Lakini maisha yake yanatuuliza swali ambalo kila kanisa linaloomba msaada na kila kanisa linalotoa msaada lazima lijibu: nani atabeba fedha za maskini, na kwa moyo gani?

Mtoto wa mji wenye madeni

Azulai alizaliwa Yerusalemu mwaka 1724. Upande wa baba, ukoo wake ulikuwa wa Wayahudi wa Kisefaradi, yaani wale ambao mababu zao walikaa Hispania na Ureno mpaka walipofukuzwa. Mwaka 1492 mfalme Fernando na malkia Isabel waliamuru Wayahudi wote wa Hispania wabatizwe au waondoke. Wengi waliondoka. Wengine walikwenda Maroko, wengine Italia, na wengi walipokelewa katika nchi za sultani wa Waosmani, ambaye baadaye alitawala pia Yerusalemu na Hebroni. Abraham Azulai, babu wa mababu wa rabi wetu, alizaliwa katika mji wa Fez huko Maroko, kisha akahamia Hebroni na kuandika vitabu vyake huko.

Upande wa mama habari ni nyingine, nayo inahusu madeni. Babu yake, Joseph Bialer, alifika Yerusalemu mwaka 1700 pamoja na kundi la mamia ya watu kutoka Ulaya, wakiongozwa na mhubiri aliyeitwa Yehuda Hasid. Walikuja na matumaini makubwa. Kiongozi wao alifariki siku chache tu baada ya kufika, na kundi likabaki bila mchungaji na bila fedha. Walikopa ili wajenge, wakakopa ili wale, wakakopa tena ili walipe riba. Mwaka 1720 waliowakopesha walichoka kungoja; waliichoma moto sinagogi yao, na watu wa kundi hilo wakalazimika kuuhama mji. Mahali hapo palikaa muda mrefu pakiitwa Magofu.

Azulai alizaliwa miaka minne baada ya moto huo. Alikulia katika mji ambamo watu walionyeshana kwa kidole mahali ambapo deni liliteketeza nyumba ya sala. Ukitaka kumwelewa mtu aliyekubali kuzunguka dunia akiomba fedha, anza hapo.

Alikuwa mwanafunzi hodari tangu utoto. Alifundishwa na rabi Jonah Navon na wengine wa Yerusalemu. Mwaka 1742 alifika rabi Haim ibn Attar kutoka Maroko, akafungua shule kwa msaada wa Wayahudi wa Livorno, mji wa bandari katika Italia. Azulai, kijana wa miaka 18, akajiunga na shule hiyo. Mwalimu huyo alifariki mwaka uliofuata, lakini mwanafunzi hakumsahau maisha yake yote. Baadaye Azulai alikuwa mmoja wa kikundi kidogo cha watu wa sala katika Yerusalemu, wakiongozwa na Shalom Sharabi, mtu wa Yemen. Watu hao walitia sahihi agano la kupendana kama ndugu na kulichukua shauri la mmoja kuwa shauri la wote.

Kwa nini Hebroni iliomba

Hebroni tunaijua katika Biblia. Ndipo Abrahamu alipolinunua shamba la Makpela kwa shekeli 400 za fedha ili amzike Sara, na Mwanzo 23 inaeleza kwamba alikataa kulichukua bure. Karne ya 18 wazao wake waliokaa karibu na pango hilo walikuwa jamii ndogo na maskini. Hawakuruhusiwa kuingia ndani ya jengo lililo juu ya makaburi ya mababu. Walisimama nje na kuomba, wakipanda mpaka ngazi ya saba tu.

Umaskini wao ulikuwa na sababu zake. Wengi waliokuja kuishi katika miji minne waliyoiita mitakatifu, yaani Yerusalemu, Hebroni, Safed na Tiberia, walikuja kusoma Torati, kusali na kuzikwa huko. Walikuwa wazee, wajane, wasomi. Biashara ilikuwa ndogo. Juu ya hapo palikuwa na kodi za serikali, na zawadi za lazima kwa kila mkuu mpya aliyewekwa. Tauni ilikuja, ukame ulikuja. Jamii ilikopa kwa matajiri wa mahali, na riba ikalizidi deni lenyewe. Deni halikuwa la mtu mmoja. Lilikuwa la jamii nzima, na viongozi waliogopa kufungwa jela kwa ajili yake.

Wayahudi wa nchi nyingine waliona ni wajibu wao kusaidia. Hawakuona kwamba wanawafadhili ombaomba. Waliamini kwamba wale wanaokaa katika nchi takatifu wanasali kwa ajili ya wote, kwa hiyo wote wana deni kwao. Tukisoma Warumi 15:27 tunaona Paulo anafikiri kwa njia iliyo karibu sana na hiyo: waliopokea mambo ya roho wanapaswa kurudisha kwa mambo ya mwili.

Mjumbe alikuwa mtu wa namna gani

Ili michango ifike, walihitaji watu. Mjumbe aliyetumwa na marabi aliitwa shadar, neno la kifupi lenye maana ya mjumbe wa walimu. Haikutosha awe mtu mwenye miguu ya kutembea. Alipaswa kujua sheria ili aamue mashauri njiani, ajue kuhubiri, awe na lugha, awe na afya, na zaidi ya yote awe mwaminifu.

Utaratibu wenyewe ulikuwa wa makini. Kabla ya kuondoka, mjumbe na jamii yake waliandikiana mkataba. Ulieleza nchi atakazopita na sehemu ya makusanyo itakayokuwa yake kwa ajili ya kazi na jamaa yake. Alipewa barua yenye sahihi na mihuri ya marabi, ikieleza taabu ya mji na kuomba watu wampokee. Alibeba pia daftari. Katika kila mji viongozi waliandika humo kiasi walichotoa, wakatia sahihi, na mjumbe wa pili akija miaka kumi baadaye aliweza kuonyesha kile walichotoa zamani. Fedha nyingi hazikubebwa mfukoni. Ziliachwa kwa wafanyabiashara waaminifu katika miji kama Livorno na Venice, nao wakazituma kwa hawala. Huko Istanbul, viongozi wa Wayahudi walioikaribia serikali ya sultani walianza katika miaka ya 1720 kusimamia madeni ya Yerusalemu na kupanga michango ya kudumu.

Kwa nini makini yote hayo? Kwa sababu walikuwako wajumbe wa uongo. Mtu aliweza kughushi barua, kuvaa mavazi ya mashariki, kulia mbele ya watu na kutoroka na sadaka. Kila mwizi wa namna hiyo aliwafungia mlango wajumbe wa kweli watakaokuja nyuma yake.

Safari ya kwanza, 1753 mpaka 1758

Mwaka 1753 Hebroni ilimchagua Azulai. Alikuwa bado hajafikisha miaka 30, ana mke na watoto. Alipita Misri, akavuka bahari mpaka Livorno, akazunguka miji ya Italia. Kutoka hapo alivuka milima kwenda Ujerumani, akashuka Uholanzi, akafika London mwaka 1755, kisha Paris na Bordeaux na miji ya kusini mwa Ufaransa. Alirudi kwa njia ya Italia na Istanbul, na mwaka 1758 akawa nyumbani. Miaka mitano.

Kwetu leo ni rahisi kusoma orodha hiyo ya miji. Tukumbuke alivyosafiri. Alikaa ndani ya mashua ndogo pamoja na mizigo na wagonjwa. Alipanda punda, mikokoteni na magari ya farasi katika barabara za matope. Mtu aliyetoka mashariki akifika bandari za Italia alitengwa kwanza katika nyumba za karantini kwa muda unaoweza kufika siku 40, kwa hofu ya tauni. Baharini palikuwa na maharamia, na mwaka 1756 ikaanza vita ya miaka saba kati ya mataifa makubwa ya Ulaya, kila merikebu ikiishuku nyingine. Pamoja na hayo yote, alishika sheria za chakula cha dini yake, na safari nyingi zilimaanisha kula mkate na mboga tu. Siku ya Sabato hakusafiri, hata kama wenzake walikuwa wanaondoka.

Miji ilimpokea kwa namna tofauti. Huko Amsterdam aliiona jamii tajiri ya Wayahudi waliotoka Ureno, wenye sinagogi kubwa iliyofunguliwa mwaka 1675, ambayo ipo mpaka leo. London nako wenzao walikuwa na sinagogi yao ya tangu 1701. Bordeaux ilikuwa bandari yenye fedha nyingi. Sisi wa Afrika tunajua fedha hizo zilitoka wapi kwa sehemu: Bordeaux ilitajirika kwa sukari ya makoloni na kwa merikebu za watumwa, na matajiri wa mji huo, Wakatoliki, Waprotestanti na Wayahudi, walikuwa ndani ya biashara hiyo. Hatuwezi kupita hapo kwa kunyamaza. Mkono unaompa maskini wa mbali unaweza kuwa mkono uleule unaomfunga mtu mwingine minyororo, na mwenye mkono asione kwamba kuna neno.

Aibu ya kuomba

Jambo linaloonekana wazi katika habari za safari hii ni aibu ya kuomba. Azulai alikuwa msomi mkubwa. Watu wa kawaida walimheshimu sana. Alikuwa mrefu, mwenye sura nzuri na mwenendo wa kifalme, na wengi walimwendea awabariki. Lakini kiasi cha mchango hakikuamuliwa na watu wa kawaida. Kiliamuliwa na wazee wa jamii, wafanyabiashara, ambao wengine hawakupenda kusumbuliwa. Aliwekwa kungoja siku nyingi mpaka wakutane. Katika miji fulani ya Ujerumani viongozi walizitilia shaka barua zake, wakamhoji kana kwamba ni mdanganyifu, naye alikuwa amebeba mihuri ya kweli. Pengine walimpa kiasi kidogo ili tu aondoke.

Angeweza kujibu kwa hasira na kuondoka. Lakini akiondoka kwa hasira, atakayelala njaa si yeye, ni mjane wa Hebroni. Kwa hiyo alijifunza kungoja, kurudi tena mlangoni, kusema kwa upole, na kuyaandika maumivu yake katika kitabu chake badala ya kuyatupa usoni pa watu. Na pale alipopokewa vizuri, aliandika pia jina la mwenyeji, na alichokula, na wema aliotendewa, ili usisahauliwe.

Hilo ndilo somo gumu la mjumbe: heshima yake mwenyewe haikuwa mali yake. Aliiweka rehani kwa ajili ya wengine.

Miaka ya katikati, na safari ya pili

Baada ya kurudi hakukaa bila kazi. Mwaka 1764 alikwenda Misri, akawa rabi wa Cairo kwa muda wa miaka mitano. Mwaka 1769 alirudi Hebroni. Lakini deni la Hebroni lilikuwa limeota tena. Mwaka 1772 wazee wakamwomba aende mara ya pili, naye alikuwa karibu na miaka 50. Alijua sasa kila kitu kinachomngoja: bahari, karantini, milango iliyofungwa. Akakubali.

Safari hii ilimpeleka kwanza Misri na Tunis, kisha Livorno na Italia yote, kisha Ufaransa, Uholanzi, na kurudi. Ilichukua miaka sita. Mwaka 1773, safari ikiwa bado changa, mke wake Rachel alifariki, naye yuko mbali. Hakumfunga macho, hakumzika, hakukaa na watoto katika siku za maombolezo. Ndugu zangu mnaotumika mbali na jamaa zenu mnaelewa jambo hili bila kuelezwa. Makusanyo yaliandikwa daftarini, sarafu kwa sarafu. Hasara ya namna hii haikuwa na safu yake.

Aliendelea na kazi. Mwishoni mwa mwaka 1777 alifika Paris. Rafiki wa huko alimpeleka kwenye maktaba ya mfalme, na Azulai akafurahi kama mtoto mbele ya maandiko ya kale ya Kiebrania ambayo kwao hayakuwako. Walimpeleka pia Versailles, kwenye jumba la mfalme Louis XVI. Mfalme alipopita akamwona mgeni huyu mrefu katika mavazi ya mashariki, akataka kujua ni balozi wa nchi gani. Waliokuwa pamoja naye wakajibu kwamba si balozi, amekuja kutazama tu. Jibu hilo lilikuwa kweli kwa desturi za jumba la mfalme. Lakini tukifikiri vizuri, alikuwa balozi hasa: alitumwa na mji ambao haukuwa na jeshi, wala merikebu, wala fedha, wala sauti nyingine isipokuwa yake.

Hakuwa peke yake katika kazi hii. Katika mwaka ule ule 1773 mjumbe mwingine wa Hebroni, rabi Haim Isaac Carigal, alifika mbali zaidi, mpaka mji wa Newport katika Amerika ya Kaskazini. Huko alihubiri katika sinagogi siku ya sikukuu ya Pentekoste ya Kiyahudi. Kati ya wasikilizaji alikuwako mchungaji Mprotestanti, Ezra Stiles, ambaye miaka michache baadaye alikuwa mkuu wa chuo cha Yale. Wawili hao walizungumza mara nyingi juu ya Maandiko na wakaandikiana barua mpaka Carigal alipofariki mwaka 1777. Mjumbe aliyekuja kutafuta msaada wa maskini akamwachia mchungaji mwenyeji elimu na urafiki.

Kitabu cha Njia Njema

Azulai aliandika habari za safari zake katika kitabu alichokiita Ma'agal Tov, maana yake njia njema, maneno yanayopatikana katika Mithali 2:9. Si kitabu cha mahubiri. Kina tarehe, umbali, majina ya wenyeji, vyumba alivyolala, ugomvi wa jamii aliouamua, wanyama alioonyeshwa, bustani, maktaba, fedha zilizotolewa na fedha zilizokataliwa, na shukrani kwa Mungu kila alipovuka salama. Kitabu kizima kilichapishwa zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chake, na wanahistoria wanakitumia sana kuijua hali ya Wayahudi wa Ulaya katika karne ya 18.

Kazi ya kuomba fedha ilimletea pia tunda lisilotarajiwa. Katika kila mji, baada ya kumaliza shauri la mchango, aliuliza kama kuna vitabu. Aliingia maktaba za Wayahudi na za Wakristo, akasoma, akanakili, akaandika majina. Kutokana na hayo alitunga kitabu Shem ha-Gedolim, yaani Jina la Wakubwa, kilichoanza kuchapishwa Livorno mwaka 1774. Ni orodha ya walimu na vitabu vya Kiyahudi vya karne nyingi, na mpaka leo wasomi wanaanzia hapo. Alitunga vitabu vingine vingi, vya sheria, vya mafafanuzi na vya sala. Hakuwa na ofisi wala miaka ya mapumziko ya masomo. Alisoma kati ya mlango mmoja wa kuomba na mlango mwingine.

Livorno

Mwaka 1778 safari ya pili iliisha. Azulai alifanya hesabu na Hebroni, na mwaka huohuo akaoa tena katika mji wa Pisa. Mke wake wa pili naye aliitwa Rachel. Alipoandika habari ya ndoa hiyo katika kitabu chake, aliongeza ombi kwamba Mungu amruhusu kurudi katika nchi yake. Hakurudi.

Alibaki Livorno, mji ambao watawala wa Toscana waliufungua kwa wafanyabiashara wa mataifa yote tangu miaka ya 1590, wakiwapa Wayahudi uhuru uliokuwa adimu katika Ulaya. Huko aliishi miaka 28, akiandika, akichapisha, akifundisha na kutoa mashauri. Hakuchukua kiti cha rabi mkuu wa mji, lakini watu walimtafuta yeye. Mwana wake Raphael Isaiah alikuwa rabi katika mji wa Ancona. Azulai alifariki siku ya Sabato, tarehe 1 Machi 1806, akazikwa Livorno.

Mwaka 1960, miaka 154 baadaye, mifupa yake ilichukuliwa kutoka Italia na kuzikwa upya Yerusalemu, mji alikozaliwa. Umati mkubwa ulimsindikiza. Tunaweza kusema kwamba mjumbe alimaliza safari yake siku hiyo.

Sisi tunachukua nini hapa?

Wapendwa, nataka kuacha mambo matatu, kwa kifupi.

La kwanza ni kwa makanisa yanayotoa. Tunapochangia ndugu waliokimbia vita, walio kambini na katika nyumba za jamaa, tusijione kuwa wakubwa wanaowahurumia wadogo. Wayahudi wa Amsterdam na Tunis waliona kwamba wana deni kwa Hebroni. Paulo aliwaambia Warumi hivyohivyo. Anayetoa kwa kuwa ana deni hatamweka mjumbe mlangoni siku tatu ili ajue nani mwenye nguvu.

La pili ni kwa wale wanaotumwa. Mkataba, barua yenye muhuri, daftari lenye sahihi za watoaji, wadhamini wa fedha: haya si mambo ya watu wasioaminiana. Paulo mwenyewe, mtume, hakukubali kuubeba mchango peke yake. Alitaka ndugu waliochaguliwa na makanisa waende pamoja naye, ili mtu asipate neno la kumlaumu (2 Wakorintho 8:19-21). Ikiwa mtume alihitaji mashahidi, mimi na wewe ni nani tukasirike tunapoulizwa hesabu? Mchungaji anayejibu swali la risiti kwa kusema kwamba anashambuliwa na adui anawafungia mlango maskini wanaomtegemea, na anawafungia pia wajumbe wa kweli watakaokuja baada yake.

La tatu ni gumu zaidi. Safari mbili za Azulai zilichukua miaka 11 hivi ya maisha yake. Alilipa sehemu ya deni la Hebroni, na deni likarudi. Yeye aliona hivyo kwa macho yake. Kwa hesabu ya fedha tu, mtu atauliza kama ilifaa. Lakini katika miaka hiyo watu walikula, kodi zililipwa, wazee hawakufungwa, na jamii ndogo karibu na pango la Makpela haikuzimika. Msaada wetu wa mwaka huu hautamaliza taabu ya ndugu zetu. Mwakani watatuma mtu tena, na tutaona ni yuleyule, na ombi ni lilelile. Siku hiyo tumfungulie mlango, tulisome daftari lake, tumpe chakula, na tuandike jina letu humo.